Pima Kivuli Chako

Sogeeni karibu, wanangu. Leo sisimulii habari za sungura na fisi. Leo nasimulia habari za jua, hilihili linalotuwakia hapa Msalato, Dodoma, na habari za ngozi mliyozaliwa nayo.

Tuanzie mnadani. Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mbuzi wamefungwa pembeni na moshi wa nyama choma umetanda, simama mahali palipo wazi saa sita na nusu mchana. Tazama chini. Kivuli chako hakiko mbele wala nyuma. Kimejikusanya miguuni pako, kidogo kiasi kwamba huwezi kusogea bila kukikanyaga. Sababu ni kwamba Dodoma iko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 5 Machi na karibu tarehe 9 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya utosi wetu. Msishangae kwamba halifiki hapo saa sita kamili. Saa za Tanzania nzima hufuata mstari wa longitudo 45, ulio mbali mashariki yetu, kwa hiyo sisi wa Dodoma jua hutufikia limechelewa kidogo.

Kishikeni vizuri hicho kivuli akilini, maana ndicho kipimo nitakachowafundisha kukitumia.

Kutoka kwenye jua mpaka hapa tulipo ni kilometa milioni 150, na mwanga huzikata kwa dakika nane na ushei. Unapofika, huwa umebeba vitu vya namna tatu. Kuna mwanga tunaouona, wenye rangi zote za upinde wa mvua. Kuna miale ya joto, ambayo macho hayaioni lakini ngozi huitambua mara moja. Na kuna miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni na ngozi haiihisi. Hii ya mwisho ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Aliyeigundua alikuwa kijana wa miaka 24, Mjerumani aitwaye Johann Wilhelm Ritter. Mwaka 1801 alichukua karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, kemikali inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Akaupitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo cha pembetatu ili rangi zijitenge, kisha akaweka karatasi yake kwenye kila rangi. Kwenye nyekundu iligeuka polepole. Kwenye urujuani iligeuka haraka. Ndipo akaisogeza nje ya urujuani, mahali ambapo macho hayaoni rangi yoyote. Hapo karatasi ikageuka nyeusi haraka kuliko kwingine kote. Palikuwa na mwanga pale, mwanga usioonekana, nao ulikuwa unafanya kazi.

Sasa sikilizeni kisa cha ndugu watatu. Walitoka pamoja nyumbani kwa mama yao Jua, wakashika njia kuja duniani. Wanasayansi wamewapa majina ya UVC, UVB na UVA. UVC ndiye mkali kuliko wote, anayeweza kuua vijidudu kwa muda mfupi. Lakini juu angani, kati ya kilometa 15 na 35 kutoka ardhini, alikutana na tabaka la ozoni na oksijeni ya hewa, na safari yake ikaishia hapo. Hafiki Msalato wala popote penye watu. UVB naye alizuiwa na ozoni, lakini sehemu yake ndogo ilipenya. UVA, mpole kidogo kuliko wenzake, alipita karibu bila kizuizi. Ndiyo maana miale ya urujuanimno inayotufikia ardhini, karibu asilimia 95 yake ni UVA, na sehemu ndogo iliyobaki ni UVB.

Kizuizi hicho cha angani kiliwahi kuwa hatarini. Gesi zilizokuwa zikitumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia zilikuwa zinaila ozoni. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana jijini Montreal kuzipunguza na hatimaye kuziacha, na baadaye kila nchi duniani iliuridhia mkataba huo. Ozoni inarejea polepole. Hilo ni jambo la kuwapa moyo: watu wakielewana, hata anga hutengenezeka.

Je, hao ndugu wawili waliofika hufanya nini wakigusa ngozi? Nianze na mazuri yao, maana wengi huwasema kwa mabaya tu.

UVB akiingia kwenye tabaka la juu la ngozi hukuta mafuta fulani ya mwili, na kuyageuza kuwa chanzo cha vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili haupokei kalisi vizuri, na mifupa ya mtoto hulainika, miguu ikapinda ikawa matege. Hapa kwetu, mtoto anayetoka nje kila siku, akaenda shule na kurudi, kwa kawaida hupata jua la kumtosha bila kukaa utosi wazi saa saba mchana.

Kisha kuna tiba. Huko Denmark alikuwapo daktari Niels Finsen, aliyezaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe. Enzi zake watu waliugua kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokula pua na mashavu mpaka mgonjwa akajificha asionekane na watu. Finsen alitumia taa kubwa ya umeme, akaukusanya mwanga wake, wenye miale mingi ya bluu na ya urujuanimno, na kuuelekeza kwenye kidonda. Vidonda vikaanza kupona. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel, naye akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43 tu.

Afrika nayo ina sehemu yake katika kisa hiki. Tangu zamani, katika bonde la Mto Nile, watu wenye mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, walitumia mmea fulani wa porini kisha wakakaa juani. Miaka ya 1940, daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliichunguza dawa iliyomo kwenye mmea huo. Ikaonekana kwamba huifanya ngozi iitikie UVA kwa nguvu zaidi, na baadhi ya mabaka hurudiwa na rangi. Leo hospitali kubwa duniani hutumia taa za UVB wa aina moja tu, wa mawimbi ya nanometa 311, kutibu mbalanga na ugonjwa wa magamba uitwao psoriasisi. Mgonjwa husimama mbele ya taa kwa muda uliopimwa, mara chache kwa wiki, macho yamefunikwa, na kila dozi huandikwa.

Kipo kisa kingine kinachofanana na hivi, lakini msikichanganye. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wachanga nje wapate jua. Siku moja alimwonyesha daktari mtoto aliyekuwa na umanjano. Ngozi iliyopigwa na jua ilikuwa imepoteza umanjano. Sehemu iliyofunikwa na pembe ya shuka ilibaki ya njano kabisa. Kutokana na jicho la muuguzi huyo zikazaliwa zile taa za bluu mnazoweza kuziona katika wodi za watoto wachanga. Taa hizo si za urujuanimno, ni za mwanga wa bluu unaoonekana, nao huibadili ile rangi ya njano iliyomo mwilini ili iweze kutoka. Kwa hiyo nyumbani akizaliwa mdogo wenu akawa wa manjano, asianikwe juani kwa kubahatisha. Apelekwe kituo cha afya apimwe.

Mnaona ninakokwenda, wanangu? Kila palipo na tiba ya mwanga, pana mtu anayepima. Muda umepimwa, aina ya mwanga imechaguliwa, macho yamefunikwa. Kinachotibu kwa dakika chache kilichopimwa kinaweza kuumiza kwa saa nyingi zisizopimwa.

Ukitaka kuona nguvu ya miale hiyo kwa macho yako, chukua kiti cha plastiki kilichokaa nje miaka kadhaa. Rangi imepauka upande uliotazama juu. Kipitishe kidole, kinaacha unga mweupe. Kikalie, mguu unakatika. Geuza sasa uvunguni: rangi bado ni ileile ya dukani. Joto limepita pande zote mbili, lakini urujuanimno umeupiga upande mmoja tu, ukazikata zile nyuzi ndogo mno zinazoshikilia plastiki.

Ndani ya ngozi hutokea jambo la hatari zaidi. Kila seli ina DNA, ambayo ni maagizo ya namna ya kuishi na kujigawa. UVB akiipiga, huunganisha sehemu za maagizo hayo mahali zisipopaswa kuungana. UVA huzama zaidi, akaharibu nyuzi zinazoipa ngozi unyumbufu, ndiyo maana uso na shingo za watu wa juani hukunjamana mapema. Mwili haukai kimya. Una mafundi wake wanaopita kila siku wakikarabati DNA. Lakini uharibifu ukija kila mchana, mwaka baada ya mwaka, baadhi hubaki bila kukarabatiwa. Seli yenye maagizo yaliyoharibika inaweza kuanza kujigawa bila kikomo, na hiyo ndiyo saratani ya ngozi. Macho nayo huumia: jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho.

Kwa nini basi wengi wetu hapa Dodoma tunalima, tunachunga na kuuza sokoni miaka yote, na saratani hiyo haitupati kwa wingi? Ni kwa sababu ya melanini, rangi ya ngozi yetu. Seli maalumu huitengeneza na kuigawa kwa jirani zake, na humo ndani chembe za rangi hujipanga juu ya kiini, upande wa jua, zikimeza miale kabla haijafika kwenye DNA. Wanadamu wote, weusi kwa weupe, wana idadi ya seli hizo inayokaribiana. Tofauti iko katika wingi na aina ya melanini inayotengenezwa. Watafiti wamekadiria kwamba ngozi nyeusi sana huzuia UVB kwa kiwango kinachokaribia mafuta ya kujikinga na jua ya namba 13. Ni kinga kubwa, ingawa si ukuta usiopenyeka.

Hapo ndipo nataka mnisikilize kwa makini zaidi. Wapo wenzetu waliozaliwa bila kinga hiyo. Mtoto mwenye ualbino amerithi maagizo yasiyoweza kutengeneza melanini ya kutosha. Ili azaliwe hivyo, lazima arithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, hata kama wote wawili ni weusi. Kwa hiyo asije mtu akamlaumu mama peke yake, wala akasema ni laana au mkosi. Hapa Tanzania makadirio yanayotumika sana ni mtu mmoja kati ya watu 1,400, idadi kubwa kuliko nchi nyingi duniani. Ulimwengu umesikia habari za ukatili waliotendewa kwa sababu ya imani za uongo, na ukatili huo ni lazima ukomeshwe. Lakini yupo adui mwingine asiyepigiwa kelele, naye huwajia kila siku kuanzia asubuhi: ni miale hii. Bila kinga, ngozi yao huanza kuharibika utotoni, na saratani huweza kuwapata wakiwa bado vijana.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mchana wa Msalato kwako ni mchana wa kawaida. Kwa mwenzako mwenye ualbino, saa moja ya kusimama uwanjani bila kofia ni jeraha.

Wapo waliokataa kuuona mzigo huo kama usufi. Watu wenye ualbino wenyewe walianzisha chama chao hapa nchini mwaka 1978. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi kilianza mwaka 1992, na wahitimu wake wamesambaa nchi nyingi za Afrika. Hapohapo Moshi, mfamasia kutoka Hispania aitwaye Mafalda Soto na wenzake Watanzania walianza kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya ngozi zenye ualbino, yagawiwe kupitia kliniki pamoja na mafunzo ya kuyatumia. Mafuta ya kutoka nje bei yake ilikuwa haishikiki kwa mkulima. Haya yalitengenezwa karibu na wanaoyahitaji. Na tangu mwaka 2015, tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kukuza uelewa kuhusu ualbino.

Hapa mkoani kwetu, shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, imesomesha watoto wenye ualbino, kwa kuwa ukosefu wa melanini hudhoofisha uoni pia. Akili haiguswi. Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri Desemba 2015.

Sasa turudi kwenye kipimo nilichowaahidi. Jua likiwa chini, miale yake hupita kwenye hewa na ozoni nyingi, na UVB kidogo tu hufika. Likiwa utosini, njia ni fupi na UVB ni mwingi. Kivuli chako kinakuonyesha liko wapi. Kikiwa kirefu kuliko wewe, miale ni hafifu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ni mikali: tafuta kinga. Katika mwezi kama Oktoba, hapa Msalato, kivuli huwa kifupi kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi karibu saa tisa na nusu alasiri. Simika fimbo uwanjani, uweke alama kila saa, utaona mwenyewe.

Jihadharini na mitego miwili. Wa kwanza ni baridi ya Juni na Julai. Upepo wa Dodoma unavuma, umevaa sweta, unadhani jua limelala. Lakini joto na urujuanimno ni vitu viwili tofauti. Hata mwishoni mwa Juni, mchana kivuli chako ni zaidi kidogo tu ya nusu ya urefu wako. Tena tuko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda miale hii huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mtego wa pili ni mawingu mepesi, ambayo hupitisha sehemu kubwa ya miale.

Kinga ya kwanza ni kivuli cha kweli. Mbuyu wa kiangazi hauna majani, na mgunga hupitisha mwanga katikati ya vijani vyake. Banda au mwembe wenye majani mengi ni bora. Ya pili ni nguo: mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kinyanyue kitambaa mkabala na mwanga. Ukiona upande wa pili, jua nalo linakuona. Ya tatu ni kofia yenye ukingo mpana pande zote, maana kapelo huacha masikio na shingo wazi, na hapo ndipo vidonda hupenda kuanzia. Ya nne ni mafuta ya kujikinga, namba 30 au zaidi. Namba hiyo maana yake ni kwamba, yakipakwa ya kutosha, UVB anayepenya ni kama sehemu moja kati ya 30. Ukipaka kidogo kwa kubania, kinga hupungua sana. Hupakwa kabla ya kutoka, na kurudiwa kila baada ya saa mbili.

Yapo pia mafuta ambayo hayapaswi kuingia nyumbani kwenu. Mkorogo na krimu za kujichubua, nyingine zikiwa na zebaki au haidrokwinoni, huizuia ngozi kutengeneza melanini. Mtu hulipa fedha ili aondolewe kinga aliyopewa bure, na zebaki huweza kuharibu figo zake. Tanzania imepiga marufuku vipodozi hivyo, na ngozi yenu, wanangu, haina kosa la kurekebishwa.

Kesho mkiwa shuleni, tazameni. Kama mstarini kuna mwenzenu mwenye ualbino anayesimama juani, mwombeni mwalimu paredi ifanyikie kwenye kivuli, itawafaa wote. Darasani mpisheni kiti cha mbele, mbali na dirisha lenye jua, maana kioo huzuia UVB lakini hupitisha UVA mwingi. Mkigawana kazi za kumwagilia bustani, yeye apewe zamu ya asubuhi na mapema. Na kama mmeona usoni, sikioni au mkononi mwake kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, kinachotoka damu au kinachokua, msimcheke na msinyamaze. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema huondolewa, na mtu akapona akaendelea na masomo yake. Mwambieni mwalimu na mzazi siku hiyohiyo, ili apelekwe hospitali wiki hii, asingojee likizo.